Sauti Iliyomwita Mukhisa

Ukungu wa Kitale hauna haraka. Asubuhi ile ya mwaka wa 1948 ulikuwa bado umelala juu ya stesheni hata baada ya garimoshi kuwasili. Ulifunika magunia ya mahindi, mikokoteni ya wapagazi na akina mama waliobeba vikapu vya kuku, hata watu wakawa wanachomoza na kuzama kama watu wa ndotoni.

Nasambu alishuka behewani akikunja ncha za gauni lake la samawati, lenye kola nyeupe aliyoitarizi mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa ushonaji katika shule moja ya misheni huko Bungoma, na alikuwa ametumwa dukani kwa Mhindi kununua vitambaa vya sare. Alikuwa akihesabu moyoni yadi alizoagizwa alipoinua macho na kuona mgongo wa mwanamume.

Mwanamume yule alikuwa mrefu, amevaa koti zito la kijeshi lililofika chini ya magoti. Bega lake la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia, kama la mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Hivyo ndivyo alivyotembea kaka yake. Hakuna mwingine duniani aliyetembea hivyo.

"Mukhisa!"

Sauti ilimtoka kabla ya akili kuizuia. Mukhisa alikuwa amefia vitani Burma, na kaburi lake halikujulikana liko chini ya mti gani. Nasambu alilijua hilo kama alivyojua jina lake mwenyewe, lakini alikwisha kuita. Mle ndani ya ukungu, katikati ya kelele za wapagazi, yule mtu aligeuka.

Hakuwa yeye. Alikuwa kijana mweusi wa uso mwembamba, mwenye mwanya katika meno ya juu na macho yaliyoonekana kuwa tayari kucheka.

"Umeniita, dada?"

"Samahani, kaka. Nimekufananisha. Wewe si Mukhisa?"

"Mimi ni Kimaiyo. Kazi yangu ni simu za stesheni hii."

"Sasa mbona umegeuka?"

"Ah, dada! Kwa sauti ile hata mlima Elgon ungegeuka. Ulitaka niendelee kwenda kama gunia?"

Nasambu alitaka kucheka. Kicheko kilipofika kooni kikageuka kilio, akasimama pale akilia waziwazi mbele ya abiria. Kimaiyo alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

"Kama ni koti hili linalokuliza, nalivua. Nililipata jeshini, lakini si lazima nilivae. Baridi ya Kitale mimi naijua tangu utoto."

"Usilivue," Nasambu alisema akijifuta machozi kwa kiganja. "Tafadhali. Tembea tena kidogo, nione."

Mtu mwingine angemdhania kichaa. Kimaiyo alizunguka taratibu, akatembea mpaka mwisho wa jukwaa na kurudi. Alitembea kwa makini, kama mtu aliyepewa kitu cha kubeba.

Hivyo ndivyo walivyoanza.

*

Mapenzi yao yalikua kwa waya. Kimaiyo alijifunza mitambo ya simu jeshini, na kila garimoshi lilipoondoka Kitale yeye ndiye aliyezipigia stesheni za mbele kutoa taarifa. Pale Bungoma simu ilipokewa na karani aitwaye Gichuki, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, ambaye nyumba yake ilipakana na shule. Haikuchukua muda kabla ya Gichuki kuanza kuchungulia dirisha la darasa la ushonaji.

"Mwalimu! Kuna mzigo wako kwenye waya."

"Mzigo gani tena, Bwana Gichuki?"

"Si ujue mwenyewe! Unapumua, na unaniuliza kama umekula. Mimi nishamwambia nimekula, lakini ati hanitaki mimi."

Wasichana walicheka mpaka sindano zikawaanguka. Nasambu alitembea hadi stesheni kwa mwendo wa heshima, na alipopita kona ya shule akakimbia.

"Halo? Kimaiyo?"

"Mwalimu wangu. Leo umevaa nini?"

"Gauni la kazini. Lina chaki."

"Rangi gani?"

"Ya chaki! Wewe, watu wanasikiliza."

"Gichuki peke yake, na huyo nimemwahidi ratili nne za viazi afunge masikio. Sikiliza, kipenzi. Hapa mvua imekatika sasa hivi, na mlima umejitokeza wote, toka kichwani mpaka miguuni. Nimeona nikuambie kabla haujajifunika tena."

Nasambu alifumba macho akauona mlima. Waya ulivuma masikioni mwake kama upepo katika mashamba ya mahindi, na ndani ya uvumi ule sauti ya Kimaiyo ilikuwa kama taa iliyowashwa mbali.

Walitaniana pia juu ya asili zao. Nasambu alikuwa Mbukusu, Kimaiyo Mnandi aliyezaliwa katika shamba la mzungu karibu na daraja la mto Nzoia, akalelewa na bibi yake, Jerono.

"Babu yako alimwibia babu yangu ng'ombe," Nasambu alisema mara moja.

"Ndiyo sababu nimekuja. Naleta maziwa yake polepole."

*

Jumamosi moja, wakati wa kuvuna, Nasambu alikwenda tena Kitale kwa vitambaa. Walitembea chini ya mikalitusi nyuma ya stesheni, ambako majani yalinukia kama dawa ya kifua. Siku hiyo ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mama yake, Wilkista, alikuwa akimwota Mukhisa. Karibu na mapambazuko kijana huyo husimama mlangoni, nguo zimelowa chapachapa, naye haingii. Huuliza neno moja tu: mbona hamniiti? Kwa Wabukusu wa nyumba yao maana yake ilikuwa wazi. Mfu aliyependwa hurudi miongoni mwa watu wake mtoto anapopewa jina lake. Lakini Mukhisa hakuacha mke wala mtoto, na baba yao alikwisha kufariki. Katika nyumba ile alibaki Nasambu peke yake.

"Kwa hiyo nakuuliza," alisema. "Tukioana, tukajaliwa mtoto wa kiume, ataitwa Mukhisa?"

Kimaiyo aliinama. Aliokota jani, akalikunja, akalikunjua.

"Nasambu, siwezi kukuahidi hilo."

"Huwezi?"

"Jina la mtoto kwetu halitolewi na baba. Mtoto akizaliwa, akina bibi hukaa naye ndani, wakayataja majina ya waliokufa wa ukoo wetu, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya apige chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Wakati mwingine ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Hakuna anayechagua."

"Asipopiga chafya?"

"Wanataja tena. Bibi yangu, Kogo kama tunavyomwita, akichoka kungoja humnusisha ugoro kidogo," alisema akijaribu kutabasamu. "Lakini jina analingoja mtoto mwenyewe. Nikikuahidi leo, nitakuwa nakuuzia kitu kisicho changu."

Nasambu alisikia maneno machache tu katika yote yale: wa ukoo wetu. Aliona mlango ukifungwa na kaka yake akiwa nje, maji yakimtiririka.

"Basi sawa," alisema.

"Basi sawa nini, mpenzi?"

"Garimoshi litaniacha."

Kimaiyo alimfuata mpaka jukwaani, akamwita kwa jina mara kadhaa. Safari hii hakuna aliyegeuka.

*

Simu ililia Bungoma, ikalia tena siku zilizofuata. Gichuki alichungulia dirishani, na mwalimu akamwambia kwa upole kwamba ana kazi. Baadaye Gichuki aliacha hata kutania. Alikuwa akisimama tu dirishani akikunja kofia yake, atikise kichwa, arudi.

"Mwalimu, huyo kijana anapumua vibaya siku hizi," alisema mara moja. "Mimi ni mtu wa simu, nasikia."

Wakati huo huo Walubengo alianza kupita nyumbani kwa akina Nasambu, akitaka kumposa. Alikuwa na duka la nafaka Kanduyi, na baiskeli iliyong'aa kuliko vioo vya kanisa. Alikuja amevaa suti ya kaki na kofia ya pama, akaketi kwenye kiti ambacho Wilkista alikuwa amekipangusa tangu asubuhi. Alikuwa Mbukusu, alikuwa na adabu, na boma lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka pale. Wilkista alimtazama kama mtu anayezama anavyoutazama ukingo wa mto.

"Mwanangu," Wilkista alimwambia Walubengo akimmiminia chai, "binti yangu ana ombi moja. Si la mali. Ni jina la kaka yake, marehemu Mukhisa."

"Mayi, mama yangu, hilo ni ombi kweli?" Walubengo alicheka kwa ukarimu. "Tukizaa kumi, waiteni Mukhisa wote kumi! Jina ni jina tu. Mtoto hata ukimwita Jumatatu, si atakula ugali?"

Ahadi ilikuwa imetolewa. Ilikuwa ahadi ile ile aliyoililia chini ya mikalitusi, na sasa ilikuwa imetua mezani kabla chai haijapoa. Nasambu alingoja furaha imjie, ikakawia.

"Mlisoma pamoja na kaka, sivyo?" aliuliza.

"Eh, tulisoma. Mukhisa, Mukhisa..." Walubengo alikuna kidevu. "Si yule mfupi, mnene kidogo, aliyependa kupigana?"

Birika lilisimama hewani mkononi mwa Wilkista.

"Mukhisa alikuwa mrefu," alisema polepole. "Na hakupigana na mtu, mpaka walipomchukua kwenda kupigana."

"Ah, basi nimechanganya, Mayi. Ni zamani, bana." Walubengo akanywa chai yake, akasifu sukari.

Hakuwa mtu mbaya. Alipoondoka alimwachia mama debe la mtama na kuinua kofia yake vizuri. Lakini Nasambu alibaki ameketi mpaka kivuli cha mgomba kikafika mlangoni. Alimwona tena mtu wa koti la kijeshi akitembea mpaka mwisho wa jukwaa na kurudi, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Yule aliyekataa kuahidi alikataa kwa sababu jina lilikuwa zito mikononi mwake. Huyu ameahidi upesi kwa kuwa kwake halina uzito wowote. Alijiuliza ni kwa nini amekuwa mwepesi hivyo wa kuliita pendo ubaridi.

"Mayi," alisema, "siwezi kuolewa na mtu huyo."

Wilkista hakugeuka kutoka kwenye moto. "Hata mimi nilimsikia," alisema.

*

Kesho yake Gichuki hakuchungulia dirishani. Aliingia darasani kabisa, akihema, bila kofia.

"Mwalimu, leo hata ukinichoma sindano sitoki. Anasema hana maneno ya kubembeleza. Anasema ana swali, na si lake. Ni la bibi yake."

Nasambu hakungoja kona ya shule. Alikimbia mbele ya wasichana wote, futi ya kupimia ikipepea shingoni.

"Halo?"

Waya ulivuma. Kisha akasikia pumzi aliyoifahamu.

"Usikate," Kimaiyo alisema. "Nilikwenda kwa Kogo. Nilimweleza yote. Nilimuuliza kama mtu wa ukoo mwingine anaweza kutajwa pamoja na watu wetu, mtoto akasikia. Alinyamaza sana, Nasambu, nikadhani amelala. Halafu akasema: huyo ni kaka wa mama ya mtoto, atanyimwaje nafasi? Ila tukimwita mtu tusiyemjua, atatusikia vipi? Akanituma. Anauliza, Mukhisa alikuwa mtu gani?"

Nasambu aliegemea ukuta wa ofisi. Tangu chifu alipoleta habari za kifo, watu walikuwa wameuliza lini, na wapi, na kama kuna malipo. Swali hili halikuwahi kuulizwa.

"Alipenda mahindi ya kuchoma," alianza, "yale yaliyoungua upande mmoja. Alikuwa akiimba anapovuka mto ili nyoka wamsikie mapema. Alikuwa..." Alishindwa kuendelea.

"Niko hapa," sauti ilisema. "Lia kwanza. Garimoshi lingine ni jioni."

"Kimaiyo, nisamehe. Nilikuita mtu baridi moyoni mwangu."

"Nilikuwa baridi kweli. Tangu siku ile sijalivaa koti. Niliogopa lingekuliza huko huko uliko."

Nasambu alicheka na kulia kwa pamoja. "Livae, mpumbavu wewe. Livae, uje Bungoma. Mimi najua nusu tu ya kaka yangu. Nusu nyingine anayo mama."

*

Alikuja Jumapili baada ya ibada, koti limepigwa pasi, mkononi amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyokolezwa mkaa. Wilkista alimtazama kutoka mlangoni. Aliona bega la kushoto lililoshuka, akashika mwimo wa mlango.

"Watu wako walichukua ng'ombe wa baba yangu," alisema baadaye.

"Nimesikia, Mama. Nimekuja na maziwa yake."

Mama alijitahidi kukaza uso, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. "Ingia basi. Usisimame mlangoni. Sipendi mtu asimame mlangoni."

Kimaiyo aliketi chini kwenye mkeka, hakutaka kile kiti kilichopanguswa, akauliza swali la bibi yake. Wilkista alianza kwa sentensi fupi, kama anayejaribu mguu uliovunjika. Alieleza jinsi Mukhisa alivyozaliwa siku ya radi, alivyompa mbwa uji wake, alivyoogopa vyura na kujifanya haogopi. Kadiri jua lilivyoshuka ndivyo sentensi zilivyorefuka. Nasambu alisikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia. Kimaiyo hakuandika neno. Alirudia kila jambo kwa sauti ya chini, ili alifikishe kwa Kogo likiwa zima.

"Na akiwa malishoni, Mama, ulimwitaje arudi?"

Wilkista alisimama. Alitoka uani, akaweka viganja kando ya mdomo, akatazama upande wa mto. Kisha akashindwa, akashusha mikono.

"Siku nyingine," alisema.

Nasambu alimsindikiza Kimaiyo stesheni. Mwanga wa jioni ulikuwa wa dhahabu, na moshi wa garimoshi ulipanda umenyooka.

"Bado sijakuahidi chochote," Kimaiyo alisema. "Nitakachoweza ni kuhakikisha ametajwa. Kuitika ni juu yake."

"Najua. Sasa najua."

"Basi nina swali langu mwenyewe." Alisogea mpaka mwisho wa jukwaa, mahali ambapo kelele za abiria zilikuwa nyingi. Aliweka viganja kando ya mdomo. "Nasambu! Nikikuita nyumbani kwangu, utageuka?"

Abiria waligeuka wote. Gichuki alitoa kichwa nje ya dirisha la ofisi, simu bado sikioni.

"Mjibu, mwalimu! Kitale wanasubiri kwenye waya!"

"Nilikwisha geuka zamani!" Nasambu alijibu kwa sauti kubwa, akasahau mwendo wote wa heshima.

*

Walioana mwaka uliofuata, na mtoto akazaliwa mwaka wa baada yake, mvua za masika zilipokuwa zimechoka, katika nyumba ya Jerono karibu na mto Nzoia. Alikuwa wa kiume. Kulipopambazuka akina bibi waliingia, Wilkista akiwa pamoja nao, na Kimaiyo akabaki nje ya mlango, kama ilivyo desturi ya wanaume.

Jerono alimpakata mtoto magotini. Alikuwa kikongwe mwembamba, mwenye ndewe za masikio zilizofika mabegani, na pembe ndogo ya ugoro ikining'inia shingoni. Alianza na Mukhisa, kwa kuwa mgeni huandaliwa kwanza. Alilitamka jina lile la Kibukusu kwa uangalifu, akaeleza kwa Kinandi habari za mahindi yaliyoungua na za vyura. Mtoto alimtazama tu.

Akaendelea na watu wake. Alimtaja mumewe, akamtaja baba yake Kimaiyo, akawataja wazee waliolala ng'ambo ya Nzoia kabla ya reli. Kila jina lilianguka ndani ya ukimya kama tone ndani ya kisima. Mtoto alipiga miayo. Nasambu, kitandani, alifumba macho. Alikuwa amejiambia kwamba yeyote atakayeitika atampenda, na alikuwa anamaanisha. Hata hivyo mikono yake ilikuwa imeshika blanketi kwa nguvu.

Jerono alimaliza majina yake. Alimtazama Wilkista, kisha akasema kwa Kiswahili chake kichache:

"Mimi sauti yangu yeye hajui. Wewe mama yake. Ita kama ng'ombe zinarudi."

Nasambu alifumbua macho. Wilkista hakuinuka, lakini aliweka viganja kando ya mdomo, na safari hii mikono haikushuka. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke mzee. Ilikuwa sauti ya mama kijana uani jioni, moshi wa chakula nyuma yake, mto mbele yake, na kijana mrefu anakawia upande wa pili.

"Mukhisaaa! We Mukhisa! Rudi nyumbani!"

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo kama ya paka, lakini vigelegele vilivyoifuata viliwarusha ndege waliokuwa juu ya paa la nyasi. Wilkista alimpokea mjukuu, akamkumbatia kifuani, akamkausha uso kwa ncha ya kanga ingawa hakuwa amelowa.

Kimaiyo aliporuhusiwa kuingia, alipiga magoti kando ya kitanda. Jerono alikuwa amekwisha kujifunika blanketi pembeni, amefumba macho kama asiyejua lolote, na mfuniko wa ile pembe ya ugoro ulikuwa umelala sakafuni.

Kimaiyo aliuona. Alimwinamia mkewe sikioni.

"Mpenzi, Kogo alimtia ugoro?"

"Sijui," Nasambu alisema. "Mimi nilikuwa namtazama kaka yangu."